Mbwa wa kazi avae nini, na nini kibaki kwenye begi

Askari mgeni kwenye kikosi cha mbwa utamjua kwa begi lake. Limejaa mpaka zipu inagoma: mikanda ya kifuani ya kila aina, kamba za kila rangi, viatu vya mbwa, miwani ya mbwa, na fulana yenye mifuko ambayo mbwa mwenyewe hana mkono wa kuitumia. Aliyekaa kazini miaka mingi huja na begi jembamba, na ukilichungulia utakuta vitu vingi vilivyomo ni vya binadamu. Mimi sasa niko upande wa begi jembamba, na si kwa ubahili. Kila unachomvalisha mbwa kinamnyang'anya kitu: pumzi, hatua, joto analotaka kulitoa mwilini, wakati mwingine hata umakini. Ipo siku anachopata kinazidi anachonyang'anywa. Siku nyingi hakizidi.

Tuanze shingoni, maana ndiko wengi huanzia. Kola ni kifaa kizuri cha kumtambulisha mbwa na kutembea naye. Kwa mbwa anayefuata nyayo ni kifaa kibaya, kwa kuwa huyo kazi yake ni kuvuta tangu mwanzo wa njia hadi mwisho. Madaktari wa mifugo wamepima wakakuta mbwa akivuta kwa kola, shinikizo ndani ya jicho linapanda. Akivuta kwa mkanda wa kifuani halipandi vile. Ongeza na koromeo linalobanwa, na huyo ndiye unayemtegemea kwa pua na pumzi. Kwa hiyo wa nyayo anavaa mkanda wa kifuani, hilo halina mjadala.

Mjadala uko kwenye umbo la mkanda wenyewe. Upo ule unaopitisha ukanda mmoja wa kulala mbele ya kifua, na upo ule unaoshuka kutoka pande mbili za shingo ukakutana kwenye mfupa wa kifua, kisha ukapita katikati ya miguu ya mbele. Wa kwanza ni rahisi kuvalisha, tena unapendeza kwenye picha. Lakini ukikaa chini kidogo, ule ukanda wa mbele unalala juu ya kiungo cha bega, na mbwa anaanza kufupisha hatua bila kulalamika. Mbwa wa kazi halalamiki. Ukitaka kujua, mwombe mwenzako akimbie naye mwendo wa kati, wewe simama ubavuni uangalie mguu wa mbele unafika wapi, kwanza akiwa hana kitu, halafu akiwa amevaa. Tofauti inaonekana kwa macho.

Kuna mahali pengine pa kusoma, napo ni nyuma ya kiwiko, kwenye ngozi laini ya kwapa. Kabla ya kidonda kuna wekundu, na kabla ya wekundu kuna nywele zilizokatika. Pitisha kidole kinyume na manyoya: ukihisi vishina vifupi vinavyochoma kama ndevu za juzi, mkanda unasugua. Kwa mbwa waliorithiwa kutoka kwa mwongozaji mwingine, hasa wenye manyoya ya rangi iliyoiva, utakuta wakati mwingine kistari cha nywele nyeupe pale pale. Hiyo ni alama ya jeraha lililopona, na inakueleza mkanda wa zamani ulikuwa unapita wapi. Mimi nikimpokea mbwa kwa mara ya kwanza natafuta vistari hivyo kabla sijafungua faili lake.

Kuhusu kamba nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo kifaa pekee kinachozungumza pande zote mbili. Kwa kufuata nyayo tunatumia kamba ya mita tano hadi kumi. Nailoni ni nyepesi, lakini ikilowa inabeba maji na matope, na ikichomoka kwa kasi inaunguza kiganja. Ngozi ni tamu mkononi, haiunguzi, inakupa habari ya kila mtikiso wa kichwa cha mbwa. Inadai mafuta na kukaushwa kivulini, na ukiisahau ndani ya begi bichi utaikuta na ukungu. Siku hizi wengi wamehamia kwenye kamba ya nyuzi iliyofunikwa kwa plastiki laini. Hainywi maji, inafutwa kwa kitambaa ikawa safi, haikamati miiba. Ubaya wake ni utelezi mkono ukiwa na jasho, basi glavu ni lazima.

Kitanzi cha mwisho wa kamba kinakatwa. Wageni wanashangaa: kamba mpya, imeshonwa vizuri, halafu mkufunzi anaitia kisu. Kamba ya nyayo mara nyingi unaiacha iburuzike nyuma yako, na kile kitanzi ni ndoano iliyotengenezwa kiwandani. Kinanasa kwenye kisiki au jiwe, mbwa anasimamishwa ghafla akiwa kwenye harufu, na anaweza kudhani amekatazwa. Ncha ikiwa wazi kamba inapita popote. Jambo la pili ambalo mkufunzi wetu hakuwa na huruma nalo ni kuzungusha kamba kiganjani. Alikuwa akimkuta kijana amejifunga hivyo, anamwuliza, "Kijana, vidole hivyo umeviazima?" Mbwa wa kilo thelathini akichomoka kumfuata mtu, kamba iliyozungushwa haikupi muda wa kuiachia, na mfupa wa kidole hauhimili mvuto huo.

Mikanda pia ni amri. Huwezi kumwambia mbwa leo tunatafuta mtu, si mabomu, si mhalifu wa kukamatwa. Unamvalisha, naye anaelewa. Mkanda wa nyayo unavaliwa pale njia inapoanzia, si nyumbani, si ndani ya gari, na unavuliwa njia inapoisha. Hatoki nao kwenda haja, hachezi nao. Ukiutunza hivyo, utaona mbwa anabadilika ile sekunde bizimu linapolia: masikio yanarudi nyuma, kichwa kinashuka, pua inaanza kufanya kazi kabla hujatamka neno. Wapo wanaonunua mkanda mmoja wa kila kazi ili kuokoa fedha. Fedha wanaokoa, ila wanapoteza maelekezo ambayo hakuna sauti inayoweza kuyatoa vizuri hivyo.

Halafu kuna kazi ambayo mavazi sahihi ni kutokuvaa chochote. Mbwa wa kutafuta watu kwenye majengo yaliyoporomoka hufanya kazi bila mkanda na mara nyingi bila hata kola. Nondo moja iliyochomoza inatosha kumnasa mbwa shimoni mahali ambapo hakuna mtu anaweza kumfikia. Anayezoea kumwona mbwa amevalishwa kama komando hupata taabu kuamini kwamba yule aliye uchi juu ya kifusi ndiye aliyeandaliwa vizuri zaidi. Viatu ni vivyo hivyo. Mwaka 2001, baada ya majengo ya World Trade Center kuanguka New York, mbwa wengi walioletwa kutafuta walifanya kazi pekupeku juu ya vyuma na zege. Mbwa anashika kwa kucha na kwa kutanua vidole. Ukimvisha soli anateleza palepale ambapo kuteleza ni kuvunjika. Majeraha madogo ya nyayo yanatibika.

Sisemi viatu havina kazi. Kwenye vioo vilivyovunjika barabarani, kwenye majivu ya moto, kwenye lami ya mchana, vinaokoa. Kuhusu lami kuna kipimo cha zamani: bandika mgongo wa mkono wako, ukishindwa kuuacha sekunde saba, mbwa naye asitembezwe hapo. Ukinunua viatu, pima miguu ya mbele na ya nyuma kila mmoja kwa nafasi yake, kwani ya mbele ni mipana zaidi. Seti ya saizi moja huishia na viwili vinavyobana au viwili vinavyochomoka. Mzoeshe siku ambazo hana kazi, dakika chache, akila au akicheza, mpaka aache kuinua miguu kama anayekanyaga maji.

Sasa joto. Hapa ndipo ningetaka fedha za kikosi ziende kwanza, kabla ya fulana, kabla ya kamera, kabla ya kitu chochote kinachong'aa. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2. Akifanya kazi kwa bidii linapanda, na hilo si ugonjwa. Likipita 41 huku anayumba, ute unakuwa mzito na ufizi unabadilika rangi, hapo unashindana na kifo. Tezi zake za jasho zenye msaada wowote ziko kwenye nyayo, nazo ni chache, kwa hiyo njia yake kubwa ya kujipoza ni kuhema. Na mbwa anayehema kwa mdomo wazi hanusi sawasawa. Ana vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 200, sisi tuna milioni tano au sita, lakini ulimi ukishaning'inia pembeni vile vipokezi havipati hewa inavyotakiwa. Kwa mbwa wa kunusa, basi, joto linaharibu kazi muda mrefu kabla halijaharibu afya.

Fulana za kupozea nimeziona zikisifiwa kupita kiasi. Ile ya kulowesha maji inafanya kazi kwa maji kukauka, na maji yanakauka penye hewa kavu na upepo. Penye unyevu mwingi hayakauki. Yanapata moto wa mwili na kubaki pale pale, na unakuwa umemvisha mbwa blanketi bichi. Ukiinua fulana ukaweka mkono kwenye manyoya ya chini ukakuta vuguvugu, ivue. Ndoo ya maji, kivuli na feni vinaishinda fulana hiyo, lakini hakuna anayepiga picha na ndoo.

Gari ndilo linaloua mbwa wengi wa kazi bila risasi. Nje kukiwa na nyuzi 24 tu, hali ambayo binadamu anaiita ya kupendeza, ndani ya gari lililofungwa kunafika nyuzi 34 kwa muda wa dakika kumi, na kufungua kioo kidogo hakusaidii cha maana. Magari ya vikosi yanawashwa injini na kiyoyozi mbwa akiwa ndani, na tatizo ni kwamba injini inaweza kuzima askari akiwa mbali. Kwa sababu hiyo kuna kengele ya joto: vipima joto karibu na kizimba ambavyo vikifika kiwango ulichokipanga vinashusha vioo, vinawasha feni, vinapiga honi na kutuma ujumbe kwa mwongozaji. Ni kifaa bora kuliko vyote nilivyowahi kufanya navyo kazi. Pia ndicho kinachofanya watu walale usingizi wa kujidanganya, kwa sababu kengele ambayo haijajaribiwa ni kisanduku tu chenye taa. Sisi tunaijaribu mwanzoni mwa kila zamu, kwa kukipasha moto kipima joto chenyewe mpaka vioo vishuke. Taa ya kijani haitoshi.

Na kipimajoto cha kawaida, kile cha njia ya haja kubwa, kikae mfukoni mwako, si kwenye kabati la daktari. Mpime mbwa akiwa amepumzika, mpime baada ya kazi, mpime dakika chache baadaye uone linashuka kwa kasi gani. Baada ya muda utalijua joto la mbwa wako huyo. Akizidiwa, maji kwanza, safari ya kwa daktari baadaye: mloweshe mwili mzima, mzamishe kama kuna pa kumzamishia na yuko na fahamu zake, kichwa kikiwa juu. Ile hofu ya zamani kwamba maji baridi yatamdhuru imewachelewesha watu wengi.

Fulana ya kuzuia risasi nitaipitia haraka. Inafaa kwa mbwa anayetumwa kumkabili mtu mwenye silaha, na huvaliwa muda mfupi kabla ya kutumwa. Nyingi za kitambaa zinazuia risasi za bastola, si za bunduki ya vita, na fulana ya risasi si lazima iwe ya kisu, soma lebo. Kilo mbili tatu juu ya mbwa wa kilo thelathini si mchezo, na joto lote la kiwiliwili linabaki ndani. Nimeona mbwa wakizungushwa nazo kwenye gwaride saa nzima, juani. Mavazi ya maonyesho yana historia ndefu, kwa kweli: kile kipipa cha pombe kwenye shingo ya mbwa wa Saint Bernard kilipata umaarufu kupitia mchoro wa Edwin Landseer wa mwaka 1820, na mbwa wale wa milimani hawakuwa wakitembea na vipipa. Ni bahati njema, kwa sababu pombe inatanua mishipa ya ngozi na kumfanya aliyeganda kwa baridi apoteze joto haraka zaidi.

Niende kwenye begi la mwongozaji, ambako mambo mengi huharibikia kimyakimya. Mpira wa zawadi ni kifaa cha kazi, na mahali unapouweka ni sehemu ya kifaa hicho. Ukiwa mfuko wa kulia, mkono wako wa kulia utaanza kuusogelea ule mfuko dakika unapohisi harufu iko karibu. Mbwa anauona mkono. Baada ya wiki chache hakai chini, ambayo ndiyo ishara yake ya kupata, kwa sababu amenusa, anakaa kwa sababu umesogeza mkono. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha jaribio la timu 18 za mbwa na waongozaji. Waongozaji waliambiwa kuna harufu zilizofichwa na kwamba karatasi nyekundu zinaonyesha mahali. Kwa kweli hapakuwa na harufu yoyote popote. Taarifa za kupata zilikuja kwa wingi, na pale penye karatasi nyekundu, ambazo ziliwekwa kwa ajili ya macho ya binadamu, zilikuwa nyingi zaidi. Mimi nauweka mpira mgongoni, mfuko wa kiunoni, au namwachia mwenzangu autupe yeye.

Na uwe wa bluu au wa njano. Mbwa haoni nyekundu vizuri; mpira mwekundu kwenye nyasi unampotea machoni. Rangi ya chungwa unayoiona kwenye fulana za mbwa wa uokoaji ni kwa ajili yako na ya wawindaji.

Sampuli za harufu za kumfundishia mbwa ndizo zinazohitaji nidhamu ya maabara. Vioo na chuma vinatunza harufu, plastiki inaipitisha. Weka sampuli mbili tofauti kwenye mifuko ya plastiki ndani ya sanduku moja, na baada ya muda unazo sampuli mbili zenye harufu ya mchanganyiko, na mbwa anayejifunza mchanganyiko. Kila aina iwe na chupa yake, sanduku lake, glavu zake zinazotupwa baada ya matumizi. Kisha kuna mtego ambao vikosi vingi vimekutana nao: mbwa anajifunza harufu ya glavu, ya utepe wa gundi, au ya mkono wa aliyeficha. Dawa yake ni kuficha pia glavu tupu, utepe mtupu na chupa tupu, na mbwa asizawadiwe kwa hivyo. Mbwa akikaa mbele ya glavu tupu, ni glavu ndiyo mmekuwa mkimfundisha.

Vifaa vya kung'ata vina tabia inayofanana na hiyo. Mkono wa gunia anaovaa mchokozi, yaani mtu anayeigiza mhalifu mazoezini, ni mzuri kumfundishia mbwa kushika kwa mdomo mzima, lakini mbwa anaweza kuupenda ule mkono kuliko kumjali mtu. Mchokozi anauvua, mbwa anaondoka nao akiringa, na mhalifu wetu amesimama palepale mikono mitupu. Ndiyo maana kuna mikono ya kuficha ndani ya nguo, na mazoezi ya kifunga mdomo, ambako mbwa anapambana na mtu bila kitu cha kushika. Kifunga mdomo cha kazi ni cha aina ya kikapu, chenye nafasi ya kuachama na kuhema. Cha kitambaa kinachobana taya ni cha dakika chache mezani kwa daktari.

Kuhusu kola za miiba na za umeme nitasema msimamo wangu: sizitaki, na mbwa anayehitaji maumivu ili aachie mdomo hajafundishwa kuachia. Wapo wenzangu ninaowaheshimu wanaobisha. Ila sheria zinasogea upande huu; Wales ilizipiga marufuku kola za umeme mwaka 2010, na Ujerumani ikapiga marufuku kola za miiba kwenye mafunzo kuanzia 1 Januari 2022 bila kuwaacha pembeni mbwa wa polisi. Kikosi kilichojenga mafunzo yake yote juu ya kifaa kimoja cha namna hiyo kinaweza kuamka siku moja hakina mafunzo.

Sanduku la huduma ya kwanza: bendeji zinazojishika, maji ya chumvi ya kusafishia, mkasi wa ncha butu, koleo la kuchomolea miiba, kipimajoto, blanketi linaloweza kuwa machela, na kifunga mdomo, kwa sababu mbwa mpole kuliko wote akivunjika mguu atakung'ata. Asifungwe mdomo anayetapika, anayepumua kwa shida au aliyezidiwa na joto. Kwa wanaotafuta dawa za kulevya, naloksoni, dawa inayozima sumu ya dawa za jamii ya afyuni, iwepo. Chembe za fentanili, dawa kali ya jamii hiyo, zinamfikia mbwa kabla yako, pua yake iko sakafuni. Ndani ya kifuniko bandika karatasi yenye uzito wa mbwa kwa kilo, joto lake la kawaida na mapigo ya moyo akiwa amepumzika. Siku ya ajali atakayelifungua sanduku huenda asiwe wewe, na kila dozi inaanzia kwenye ile kilo.

Kununua, mwisho kabisa, hufanywa na mtu wa ofisini kutoka kwenye orodha, na hapo ndipo begi linapoanza kujaa upya. Mkiweza, ombeni kifaa kimoja cha majaribio kabla ya kuagiza vya kikosi kizima. Kilowesheni, mbwa akivae akiwa ameloa, abebwe kwa mpini wa mgongoni huku ananing'inia uzito wake wote, bizimu lifunguliwe na mtu mwenye glavu, gizani, likiwa na matope. Kisha kiangaliwe mshono upande wa ndani, ule unaogusa ngozi, kwa sababu wa nje siku zote umeshonwa vizuri. Muuzaji akisema kifaa chake kisiloweshwe kabla hakijalipiwa, mrudishieni hapo hapo.